Dizaini iache kwanza dada, kaa chini usuke ukili

Wiki iliyopita nimemaliza oda ya vikapu 40. Arobaini! Vyote ukili wangu na wa mabinti wawili ninaowafundisha (ukili ni ule mkanda mrefu unaosukwa kwanza, ndo unashonwa kuwa kikapu au mkeka), na hakuna hata kimoja kilichorudishwa. Usiku nikaposti picha, asubuhi nakuta meseji ya dada mmoja anasema bibi yake alikuwa msusi, ye anataka kuifufua ile kazi ila kisasa, sasa nimwambie aanze na dizaini gani zinazotoka sana. Nimeisoma mara tatu na moyo unanienda mbio, maana na mimi nilianza hivo hivo na hapo hapo ndo nilipoumia. Kwahiyo nakujibu hapa, na wengine wenye ndoto kama yako wasome.

Dizaini iache kwanza. Tafuta anayejua kusuka ukae naye.

Mi nimekua namuona bibi anasuka kila jioni, fungu la chane, vile vipande vyembamba vya majani ya ukindu, limeloweshwa pembeni, vidole vinakwenda huku anapiga soga na watu wala haangalii mkononi. Aliniita mara nyingi, "njoo mjukuu wangu nikuonyeshe", na mimi nakuja bibi, nakuja bibi, mara mtihani, mara kazi. Siku nilipokuwa tayari bibi hayupo tena. Kilichobaki ni mkeka wake mmoja, mi nina simu imejaa video za kusuka, na kiburi juu.

Nikaanza na mabegi ya kisasa moja kwa moja. Nilianika ukindu siku moja tu nikaona umekauka, kumbe kwa nje. Ukindu ukisukwa bado una ubichi unaendelea kusinyaa ndani ya ukili, baada ya wiki mbili mabegi yangu yana mianya kidole kinapita, na yale niliyofungia stoo yakaota ukungu. Rangi nayo nilinunua ya unga nikachemsha nikachovya, sikusuuza vizuri, mteja akapigwa na mvua njiani nyekundu yote ikachujia kwenye gauni lake jeupe. Akaniandika mtandaoni watu wote wakasoma. Tena alikuwa na haki, lakini mpaka leo nikikumbuka naumia. Kuna mfanyabiashara nilimpa mabegi 25 mali kauli, yaani auze kwanza ndo anilipe, alinirudishia 19 yamekunjamana na hela ya yaliyobaki sijaiona. Na ndugu zangu wakasema, digrii yote ile umeishia kusuka ukili? Hilo limenikaa kuliko hela.

Aliyeniokoa ni mama mmoja mtu mzima, shoga yake bibi. Nilimpelekea begi langu zuri kuliko yote, hakuangalia hata nje, aliligeuza chini juu akaweka kidole pale ukili unapoanzia akaniambia, "Mwanangu, hiki hakijui kimeanzia wapi."

Miezi sita nilisuka ukili mtupu. Sio kikapu, sio mkeka, ukili tu, nasuka anafumua. Chane zote lazima zilingane upana, moja ikizidi ukili unapinda kama nyoka. Chane ikiisha unachomeka mpya chini ya ile ya zamani mkia ufichwe, na usiunge mbili sehemu moja maana hapo ndo patakatika. Unalowesha kidogo ili isivunjike ukiikunja, ukilowesha sana unarudi kulekule kwenye mianya. Hivi vitu kwenye video nilivipita bila kuviona kwasababu nilikuwa nasubiri aonyeshe begi.

Halafu tukautoa mkeka wa bibi. Tukafumua mshono kidogo pembeni, tukahesabu chane 13, tukafuatilia chane nyeusi inaingia wapi inatokea wapi, jioni tatu nzima tunafuata chane moja moja. Na upande wa chini, ule unaolalia sakafu ambao hakuna mtu angeuona maisha yake yote, bibi alikuwa amekata kila mkia wa chane ukalingana. Kila mmoja. Nililia pale mbele ya yule mama sikuona aibu.

Ndo maana nikisikia mtu anasema sanaa za mikono zitaokolewa na makumbusho nakataa. Mkeka ukiwekwa kwenye kioo utakaa, ila mkono ulioujua ukishazikwa umeondoka nao. Japani waliliona hilo zamani, sheria yao ya mwaka 1950 inalinda mpaka ufundi wenyewe, na mafundi wakubwa wanatambuliwa rasmi wao kama wao. Mkataba wa UNESCO wa 2003 nao umeutaja ufundi wa jadi kama urithi, na mkazo wake uko kwenye ujuzi na kuurithisha. Sasa wewe bibi yako alikuwa msusi, mashoga zake wapo? Hata mmoja? Basi nenda wiki hii, usiende na haraka, anayejua hamfundishi mtu anayeangalia saa.

Rangi, usiuze kitu hujakisugua na kitambaa cheupe kilicholowa. Ikitoka hata kidogo rudia kusuuza. Mi kwa rangi za magome na mizizi nachemsha ukindu na shabu kwanza, ndo inashika. Bei andika masaa yote, kuanzia kuanika mpaka kushona, watu wanahesabu kusuka tu halafu wanalalamika kazi hailipi. Na mali kauli usikubali, yaliyonikuta nimeshasema.

Usasa utakuja, usiogope. Saivi nasuka mifuko ya kubebea kompyuta na vivuli vya taa, ila ukili ni uleule wa chane 13, na nyeusi inaingia palepale alipoiingiza bibi. Mabinti wangu nao nimewaanzishia hapo, mmoja alinuna mwezi mzima anataka begi, nikamwacha anune.

Dada, kama una chochote alichosuka bibi yako, hata kipande kimechakaa, usikitupe na usikifue. Kigeuze, piga picha upande wa chini kwa karibu pale ukili unapoanzia, nitumie nihesabu chane.