Kibali cha mhandisi wenu Mkenya

Dada, kama kibali cha kazi cha huyo mhandisi wenu hapo Ihumwa, Dodoma, kinakaribia kuisha, msingoje siku za mwisho. Anzeni kwa Kamishna wa Kazi, kisha Uhamiaji kwa kibali cha ukaazi Daraja B, kile cha wageni walioajiriwa. Sheria ya 2015 ya ajira za wageni inakipa kibali cha kazi miezi 24, na kinahuishwa, ila jumla ya miaka ina kikomo kama si mwekezaji. Kitu cha kukazania ni mpango wa urithishaji ujuzi: aonekane Mtanzania anayefundishwa kazi ile, na ameshajua nini hadi sasa. Msiandike cha kujazia fomu tu, vijana wetu wanaihitaji nafasi hiyo kweli. Akipata mwajiri mwingine, kibali hiki hakimfuati, huyo mpya anaomba upya. Na tafadhali, kikiisha asiguse kazi hata siku moja.