Nilizima Filamu Kabla Kamba Haijakatika

Ndugu Mhariri,

Wiki iliyopita mlituuliza: "Filamu za njozi za familia zinakuza ubunifu wa mtoto, au zinamfundisha kuukimbia ukweli?" Nililisoma swali hilo nikiwa kwenye daladala nikapitiliza kituo. Mniwie radhi, sitalijibu kama lilivyo. Swali linaloniuma mimi ni jingine: mzazi ana haki ya kuizima filamu kabla rafiki hajafa? Naanza kwa kusema anayo.

Nazungumzia Bridge to Terabithia ya mwaka 2007. Jess na Leslie ni watoto wa shule wasio na wa kucheza nao. Wanavuka kijito kwa kubembea kwenye kamba, na ng'ambo wanajitungia ufalme wao msituni. Kijana anayetujazia muvi kwenye flashi aliniambia ni ya watoto, kama Narnia, ile ya kabati linalofungukia nchi ya ajabu. Simlaumu. Hata matangazo yake huko Marekani yaliiuza kwa majitu na viumbe vya ajabu, ilhali viumbe hivyo ni vya dakika chache tu na habari yenyewe ni ya wale watoto wawili. Asubuhi moja Jess anapigiwa simu na mwalimu wake, wanakwenda makumbusho, na hamwiti mwenzake. Leslie anakwenda kijitoni peke yake. Kamba inakatika.

Mimi nilijua, maana niliiona nikiwa chuo. Desemba iliyopita nilimwekea mwanangu wa miaka tisa nikiwa nimeshapanga pa kuishia, kwa sababu saa ya kwanza ya filamu ile naipenda mno na nilitaka aipate. Simu ya mwalimu ilipolia nikabonyeza rimoti. Nikamwambia flashi imeharibika.

Aliniamini. Likizo yote yeye na binti wa jirani walitawala pagale lililo nyuma ya nyumba yetu, na mifuko mitupu ya saruji ikawa majoho. Shule zilipofunguliwa, mwenzake wa darasani akamwambia yaliyobaki. Alirudi nyumbani, akavua viatu, akaniuliza: "Mama, ulikuwa unajua?" Hakuuliza lingine.

Sasa inabidi niwaeleze kuhusu toroli.

Nilizaliwa kwenye shamba la mkonge, Muheza. Baba alikuwa karani wa bohari. Mwaka 1986 shamba lilikuwa linakata roho. Kamba za nailoni zilikuwa zimeshaua bei, korona, yaani mashine ya kusaga majani ya mkonge yabaki nyuzi, ilinguruma siku mbili tu kwa wiki, na reli ndogo za matoroli zilizokuwa zikileta mkonge zilikuwa zimemezwa na nyasi. Toroli moja lilibaki limelala ubavu karibu na kambi ya wakataji. Hilo ndilo lilikuwa treni letu.

Rafiki yangu alikuwa mtoto wa mkata mkonge aliyetoka Songea. Yeye alikuwa na miaka minane, mimi saba. Mimi nilikuwa dereva, yeye stesheni masta, na cheo chake kilikuwa kikubwa kuliko changu, maana treni haikuondoka mpaka aseme yeye. Tiketi zilikuwa majani ya mkorosho. Alizitoboa kwa mwiba wa mkonge, ule mweusi wa nchani, na kabla hajakutobolea ilikupasa useme unakwenda wapi na unakwenda kumwamkia nani. Kusema "natembea tu" hakukuruhusiwa. Wadogo zetu walikwenda Tanga kumwamkia shangazi, au Korogwe kumwamkia babu. Yeye kila siku alikwenda Songea kumwamkia bibi yake, ambaye hakuwahi kumwona. Nikamwambia reli haifiki Songea. Alikasirika. Akasema reli ni yetu, itafika tukiifikisha.

Basi tukaanza kuijenga. Tuliandika vituo kwa mwiba juu ya mkonge wenyewe, kituo kimoja jani moja, tukifuata mstari wa shamba. Ukilikwaruza jani la mkonge leo, kesho mkwaruzo umegeuka kovu la kahawia, na kovu hilo halifutiki mpaka jani likatwe. Vituo tulivibuni: Kituo cha Uji, Kituo cha Mbwa Mkali, Stesheni ya Mwezi, na kingine alichokipa jina langu kwa sababu siku hiyo nilikuwa nimeanguka nikalia. Tulifika vituo kumi na kimoja. Herufi zake zilikuwa mbaya, S aliiandika kinyume, na mpaka leo nikiona S iliyopinduka kwenye daftari la mtoto naisimamisha kalamu nyekundu kwanza. Mimi ni mwalimu.

Masika yakaingia. Siku tatu hakuja. Mama akanikataza kwenda kambini. Siku ya nne nikaambiwa amesafiri, kaenda kwa bibi yake Songea.

Niliamini papo hapo, kwani ndiyo safari aliyokuwa akiitaja kila siku. Nilimfurahia, Mhariri, ingawa niliumia kwamba hakuniaga. Nikaendelea kukata tiketi peke yangu, na karibu kila jioni niliongeza kituo ili akirudi akute reli imesogea. Nilifika kituo cha ishirini na tatu. Nilipokuwa darasa la tatu, bombani, binti mmoja tuliyegombana kwa ajili ya ndoo akaniambia: "Rafiki yako alishakufa. Malaria ilimpanda kichwani. Kila mtu anajua ila wewe." Kaburi lilikuwa nyuma ya kambi. Nilikuwa nikilipita nikienda kuandika vituo vyangu.

Usiku ule mwanangu aliponiuliza, nilimpigia mama simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona usiku?"

Nikamuuliza kwa nini waliniambia amesafiri. Alinyamaza kitambo.

"Ungelia," akasema. "Na mimi sikuwa na la kukujibu."

Nilishindwa kumlaumu, maana hata mimi nilibonyeza rimoti kwa sababu hiyohiyo. Nilipoanza kuandika barua hii nilikusudia kuwashtaki watengeneza filamu wanaoficha kifo nyuma ya picha ya majitu. Shtaka hilo bado nalisimamia. Ila najua pia hadithi ile ilitoka wapi. Mwandishi Mmarekani Katherine Paterson alikuwa na mtoto, David, aliyefiwa na rafiki yake kipenzi, msichana wa miaka minane aliyepigwa na radi mwaka 1974. Mama huyo akaandika kitabu, kikatoka 1977. David alipokuwa mtu mzima, yeye mwenyewe akashiriki kuandika mswada wa filamu na kuwa mmoja wa watayarishaji wake. Kwa hiyo mtoto aliyefiwa ndiye aliyeirudisha kamba mbele ya macho ya watoto wengine na kuiacha ikatike. Mimi, niliyefiwa kama yeye, niliificha. Kwa siku kadhaa nimejaribu kutafuta namna ya kusema kwamba mimi ndiye niliyekuwa sahihi, na sijaipata.

Machi, Jumapili moja mchana, tuliiweka tena na kuimaliza. Mwanangu hakulia pale nilipopaogopa. Alilia Jess alipopanga mbao juu ya kijito na kumvusha mdogo wake wa kike. Kisha akaniuliza kama pagale linaweza kuwa na mfalme mpya, kwa sababu yule binti wa jirani alikuwa amehama mwezi uliopita. Nilikuwa sijajua kwamba hilo lilikuwa likimsumbua.

Kwa hiyo nikilazimika kujibu swali lenu: waonyesheni, na waonyesheni mpaka mwisho. Mtoto wa chini ya miaka saba simshauri. Aliyefiwa juzi ningemsubiri. Isiwe usiku wa kuamkia shule, na mzazi akae hapohapo kwenye kochi, asiende jikoni. Haki ya kuzima siifuti pia, nimeisema mwanzoni na bado naiamini. Ila anayezima amwambie mtoto kwamba amezima yeye.

Ipo na ya kwetu Afrika Mashariki, Supa Modo ya Mkenya Likarion Wainaina, iliyooneshwa Berlin mwaka 2018. Jo ana miaka tisa, anaumwa ugonjwa usiopona, na anaota kuwa shujaa mwenye nguvu za ajabu. Dada yake na wanakijiji wanaungana kumpa ndoto hiyo, mpaka wanatengeneza filamu yake. Nimeitazama peke yangu, mwanangu akiwa amelala. Jo ana umri wake. Tumekubaliana kuitazama pamoja likizo ya Juni, na rimoti nimemwambia atashika yeye.

Msomaji wenu,
Kimara, Dar es Salaam