Mpiga zumari mgeni, wajue walio nyuma ya mgongo wako

Nilijiunga na bendi ya mazumari ya Kiskoti hapa Glasgow nikiwa na kiburi cha mtu aliyekulia Mombasa. Zumari nalijua, nikajiambia, hili limeongezwa mfuko tu. Mwaka mzima wa kwanza macho yangu yalikuwa kwa kiongozi wa mazumari peke yake, na ngoma nikaziona ni kelele za kutembelea. Nawaandikia ninyi mnaoanza ili mwaka huo msiupoteze.

Kwanza, zumari la mfuko halijui kunong'ona. Likishaanza kulia, nguvu ya sauti ni ile ile mpaka uliachie: halipandi, halishuki, na kati ya noti na noti halinyamazi. Hata noti moja ukitaka kuirudia, lazima uikate kwa kidole cha haraka, la sivyo mbili zitasikika moja. Basi ule msisimko wa sauti kukua na kufifia hutoka wapi? Kwa wapiga ngoma. Kiongozi wa snea, zile ngoma ndogo zenye mlio mkali, hupiga kipande peke yake, laini, kisha wenzake wote wakaingia kwa kishindo, na watazamaji wakaapa kwamba mazumari yamepanda. Sisi hatujafanya lolote.

Kuanza ndiko kulikoniumbua. Amri ikitoka, ngoma hupiga rolo mbili, yaani mapigo ya haraka yanayofululiza, kila moja urefu wa hatua tatu. Katika bendi yetu rolo ya kwanza ni ya kujiweka sawa. Ya pili ikianza unaupiga mfuko, mabomba matatu ya begani yanalia. Ikikaribia mwisho unatoa noti ya E, na hapo hapo wimbo. Kwenye shindano langu la kwanza nilihesabu kichwani badala ya kusikiliza. Zumari langu likalia peke yake kabla ya rolo ya pili, kama mbuzi aliyekanyagwa mguu, mbele ya waamuzi.

Waamuzi wenyewe kwa kawaida ni wanne: wawili wa zumari, mmoja wa ngoma, mmoja wa mlingano wa bendi nzima. Piga hesabu uone wapiga ngoma wameshika nini mkononi. Katika mashindano ya dunia, yale ya kila Agosti pale Glasgow Green, kikosi bora cha ngoma hupewa tuzo yake.

Muombe kiongozi wa ngoma akuonyeshe karatasi yake. Ni mstari mmoja tu: mkono wa kulia juu yake, wa kushoto chini. Mara nyingi ni yeye aliyetunga mapigo hayo, akiufuata wimbo wako kishazi kwa kishazi. Utasikia jina la Alex Duthart, mpiga ngoma wa Kiskoti aliyefariki 1986. Alijifunza kutoka kwa wapiga ngoma wa Basel, Uswisi, na upigaji wa Kiskoti haukubaki ulivyokuwa. Mimi nilikaa nao jioni tatu wakifanyia mazoezi kwenye vibao vya mpira, nami nikiimba wimbo kwa mdomo. Nilijifunza mengi kuliko miezi ya kupuliza peke yangu.

Kisha besi, ile ngoma kubwa. Kwetu pwani mpiga zumari huwa karibu na wenye ngoma za chapuo na vumi, wakaelewana kwa macho. Hapa mkitembea ngoma ziko nyuma yako, na zumari la jirani limekuziba sikio. Kinachopenya ni besi. Mguu wa kushoto uutue juu ya pigo lake. Ukiona unamkimbia mpigaji wake, usibishane naye, hata kama una hakika umepatia. Nimebishana, najua.

Halafu kuna adabu ndogo ndogo. Sisi hutafuta sauti nusu saa nzima huku wenzetu wamesimama kwenye mvua mikono mfukoni. Zumari likipata joto noti zake zinapanda juu kidogo, na wenye tenori, zile ngoma za kati, hulazimika kukaza ngozi upya kutufuata, hakuna anayewashukuru. Washukuru. Fika umeshalipasha moto zumari lako, na usiwaulize kama wako tayari. Walikuwa tayari zamani.

Na siku ya kusafiri saidia kupakia besi. La kwetu ukanda wa kushoto umelegea, kwa hiyo lishike kwa chini.