Lifti Imefungwa na Jua Linawaka: Majibu kuhusu Taarifa za Kila Siku za Skii

Kila majira ya baridi safu hii hupokea barua za wasomaji wetu wanaoishi karibu na milima ya Alps, wengi wao wakiwa wazazi ambao watoto wao wamejifunza shuleni skii, yaani kuteleza juu ya theluji kwa mbao mbili zilizofungwa miguuni, na sasa wanataka kupelekwa mlimani kila Jumamosi. Safari hii nimechagua barua tatu zinazohusu jambo moja, nalo ni taarifa ambayo kila kituo cha skii huitoa asubuhi ili kueleza hali ya theluji, njia zilizo wazi na lifti zinazofanya kazi, yaani mitambo ya kamba inayowapandisha watu mlimani.

SWALI: Ndugu mwandishi, mimi na mume wangu ni Watanzania tunaoishi karibu na Bern. Binti yetu anaupenda mchezo huu tangu alipoona picha za Sabrina Simader akiiwakilisha Kenya. Mwezi wa Februari nilisoma taarifa ya kituo kimoja saa moja asubuhi, na karibu lifti zote zilikuwa na alama ya kijani. Tulipofika saa nne tulikuta lifti zote za juu zimefungwa, ilhali jua lilikuwa linawaka na bondeni hata jani halitikisiki. Tulikuwa tumekwisha kulipia tiketi za watu wanne. Je, tulidanganywa? (Mama wa wawili, Bern)

JIBU: Dada yangu, pole sana, na uwape pole watoto pia. Hamkudanganywa. Taarifa ya saa moja asubuhi hueleza kile ambacho wafanyakazi wamekikuta mlimani alfajiri na kile wanachokusudia kukifungua; haina uwezo wa kuzuia upepo utakaoanza kuvuma saa tatu baadaye. Isome kama mvuvi anavyoitazama bahari kabla ya kushusha ngalawa, kwani hutazama hali ilivyo pale alipo, kisha huendelea kuitazama njia nzima.

Utulivu wa bondeni ndio unaowapoteza wengi. Chukua mfano wa Zermatt, huko huko Uswisi. Kijiji kiko kwenye kimo cha mita 1,620 hivi, na kituo cha juu kabisa cha magari ya kamba, kilichoko Klein Matterhorn, kiko zaidi ya mita 3,800. Kati ya chini na juu pana tofauti ya zaidi ya mita 2,200, na kwa kuwa joto hushuka kwa wastani wa nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000, anayetoka kijijini penye nyuzi 2 anaweza kukuta nyuzi 11 au 12 chini ya sifuri kule juu, kabla hatujahesabu upepo. Kuna pia upepo uitwao Föhn, unaovuka milima na kushuka upande wa pili ukiwa mkavu na wenye joto. Siku ya upepo huo anga inaweza kuwa safi bila hata wingu moja juu yako, na bado kileleni mtu akashindwa kusimama wima.

Sasa fikiria lifti ya viti. Kamba nene ya chuma hupita juu ya safu za magurudumu yaliyofungwa kwenye nguzo, na viti huning'inia kwenye kamba hiyo hiyo. Upepo wa kuogopwa zaidi ni ule unaokuja kutoka ubavuni, kwa sababu huyumbisha kiti hadi kikakaribia kugonga nguzo, na ukizidi sana unaweza hata kuitoa kamba kwenye magurudumu yake. Niliwahi kukaa katika kibanda cha mhudumu wa lifti mchana mmoja wa Januari. Mbele yake palikuwa na kioo kidogo kinachoonyesha kasi ya upepo kwenye nguzo tatu. Nguzo mbili zilikuwa shwari, lakini ya tatu, iliyosimama mahali palipo wazi kwenye mgongo wa mlima, tarakimu zake zilikuwa zikiruka juu na kushuka kila baada ya sekunde chache, na kupitia dirishani tuliviona viti vitupu vikilala upande kama majani ya mgomba. Alipunguza mwendo kwanza. Dharuba nyingine ilipokuja alishika redio na kuwaambia wenzake wa chini wasipandishe mtu tena. Ilipita karibu robo saa kabla mtu wa mwisho hajafika juu na kushuka kwenye kiti chake. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini lifti hufungwa mapema, kabla upepo haujafikia kiwango cha hatari: walio angani tayari hawawezi kushushwa kwa dakika moja. Tangu siku hiyo siwezi kumkasirikia mhudumu anayefunga lango.

Mweleze binti yako kwamba jambo hili huwapata hata walio bora duniani. Katika Michezo ya Olimpiki ya PyeongChang mwaka 2018, michezo ile ile ambayo Simader alishiriki, mbio za wanaume za kuteremka zilizopangwa kufanyika tarehe 11 Februari zilisogezwa hadi tarehe 15 kwa sababu ya upepo, na mbio za wanawake za slalomu kubwa zikaahirishwa pia.

Lifti hazilingani mbele ya upepo, na hili litakusaidia siku nyingine. Magari ya kamba yaliyofunguliwa Zermatt mwaka 2018 kuelekea Klein Matterhorn yana vyumba vya viti 28, na kila chumba hutembea juu ya kamba mbili za kukibeba huku kamba ya tatu ikikivuta, kwa hiyo hustahimili upepo ambao ungekwisha kuzifunga lifti za viti. Treni ya Gornergrat, iliyoanza kazi mwaka 1898, hupanda kwa reli yenye meno hadi mita 3,089. Lifti fupi za chini zinazopita katikati ya misitu hukingwa na miti. Kwa hiyo siku ya upepo usiulize tu ni lifti ngapi ziko wazi. Uliza ni zipi, na ziko wapi.

Kuhusu fedha, vituo vingi havirudishi nauli ikiwa sehemu tu ya lifti imefungwa, ndiyo maana nakushauri usome masharti kabla ya kulipa na uitazame tena taarifa mkiwa njiani, si nyumbani peke yake. Zitafute kasi za upepo za vituo vya juu, ambazo kwa kawaida huandikwa pembeni ya joto na watu wengi huziruka. Tazama pia saa ya lifti ya mwisho ya kurudi. Jambo hili nalisisitiza kwa sababu kutoka Zermatt watu huteleza hadi Cervinia, upande wa Italia, wakala chakula cha mchana, kisha upepo ukafunga lifti za mpakani. Njia iliyobaki ni ya barabara: kushuka hadi bonde la Aosta, kupita mlima wa Great St Bernard kwa njia ya chini ya ardhi, kisha kupanda tena bonde la Rhône, safari ya saa kadhaa pamoja na watoto waliochoka na viatu vya skii miguuni. Mkiwa na watoto, vukeni mpaka siku tulivu tu, na mrudi mapema.

SWALI: Naomba ufafanuzi wa vipimo vya theluji. Taarifa ya mahali tunapokwenda huandika sentimita 30 bondeni na 190 juu, lakini nikifika bondeni naona majani yamejitokeza. Mara theluji huitwa ya unga, mara ngumu, mara ya majira ya kuchipua. Nichague siku gani? (Msomaji wa Mombasa, sasa Innsbruck)

JIBU: Kipimo hicho huchukuliwa mahali pamoja au pawili palipochaguliwa, kwa kawaida palipo tambarare na pasipopigwa sana na upepo, hivyo hakisemi chochote kuhusu mteremko ulio mbele ya macho yako. Upepo huihamisha theluji usiku kucha, ukaukwangua mgongo wa mlima hadi mawe yakaonekana na kulijaza korongo la jirani. Isitoshe, sentimita si kitu kimoja. Theluji mpya iliyoanguka kwenye baridi kavu ni nyepesi kiasi kwamba sentimita 10 zake zikiyeyuka hutoa maji ya sentimita 1 hivi, na mtu wa kwanza akipita juu yake anagusa ardhi. Theluji ya kutengenezwa ni nzito na iliyoshikana, na sentimita 30 zake zilizosawazishwa na mashine hubeba watu siku nzima. Ndiyo maana unaweza kuona njia nyeupe inayopita katikati ya majani, nayo ikawa nzuri kabisa. Ila theluji hiyo huhitaji baridi ya nyuzi 2 au 3 chini ya sifuri na hewa kavu kiasi, kwa hiyo baada ya wiki ya joto na unyevunyevu usitarajie maajabu kwenye njia za chini.

Majina ya aina za theluji yana maana ya kweli. Ya unga ni ile kavu ambayo ukiifumbata mkononi haishikani, kama unga wa muhogo. Ngumu ni ile iliyoyeyuka ikaganda tena. Juu yake vyuma vya kingo za skii hukwaruza kwa sauti, na anayejifunza huteseka. Ile ya majira ya kuchipua hubadilika kwa saa: asubuhi ni ngumu kama sakafu ya saruji, karibu na saa tano jua likishaipiga hulainika juu na kuwa punje punje kama sukari iliyolowa, na kufikia saa nane inakuwa rojo linalovuta magoti. Hiyo ya saa tano ndiyo raha yenyewe. Mwezi wa Machi anza na miteremko inayotazama mashariki, kwa kuwa hupata jua kwanza, kisha uhamie ya magharibi, na usione aibu kurudi nyumbani saa nane.

Kuhusu siku ya kuchagua, mimi huacha siku moja ipite baada ya theluji nyingi kuanguka. Siku ile ile mwanga huwa mbaya, mashimo na matuta hayaonekani kwa weupe wa kila upande, na lifti za juu huwa zinasubiri wafanyakazi waangushe kwa baruti theluji iliyo tayari kuporomoka.

SWALI: Mpwa wangu wa miaka 19 anasoma Lausanne na ananiita mwoga. Taarifa ilisema hatari ya maporomoko ya theluji ni 3 kati ya 5, naye akasema hiyo ni wastani tu, akapita chini ya kamba inayoweka mpaka wa njia zilizofunguliwa, yeye na wenzake, kwenda kuteleza nje ya njia. Nimjibu nini? (Mjomba mwenye wasiwasi)

JIBU: Ndugu yangu, wewe si mwoga, na nakuomba usinyamaze. Kipimo hicho hakipandi hatua kwa hatua zilizo sawa kama ngazi ya nyumba. Kila daraja huongeza hatari kwa kiasi kikubwa kuliko lililotangulia. Daraja la 3 maana yake ni kwamba kwenye miteremko mikali mtu mmoja tu anaweza kuanzisha poromoko la theluji, na nchini Uswisi karibu nusu ya vifo vya maporomoko hutokea siku za daraja hilo hilo analoliita wastani. Siku za 4 na 5 watu huogopa wakabaki ndani. Siku za 3 jua linaweza kuwa linawaka, theluji ni mpya, na alama za miguu ya wengine humfanya kijana aamini kwamba pako salama. Mara nyingi sana poromoko linaloua huanzishwa na aliyefunikwa mwenyewe au mwenzake.

Mweleze pia kwamba alama ya kijani ya kituo haikumhusu alipopita chini ya kamba. Wafanyakazi huzikagua na kuzilinda njia zilizofunguliwa. Upande wa pili wa kamba hakuna aliyekagua chochote kwa niaba yake. Miteremko ya kuangaliwa ni ile yenye ukali wa nyuzi 30 na zaidi, na hatari inaweza kutoka juu yake hata kama yeye amesimama mahali tambarare. Aliyefukiwa ana dakika 10 hadi 15 hivi za matumaini makubwa, baada ya hapo uwezekano wa kumpata hai huporomoka, kwa hiyo anayeweza kumwokoa ni mwenzake aliye papo hapo, akiwa na kifaa cha kupokea ishara ya kifaa cha aliyefukiwa, fimbo ndefu ya kupimia na koleo. Helikopta ya uokoaji ya Rega huitwa kwa namba 1414, na katika jimbo la Valais hupigwa 144, lakini hata rubani hodari huhitaji muda wa kufika.

Kama ni lazima aende, na ajifunze kwanza kwa mwongoza milima mwenye leseni. Taasisi ya SLF iliyoko Davos, ambayo ni taasisi ya Uswisi ya utafiti wa theluji na maporomoko, hutoa taarifa ya maporomoko saa kumi na moja jioni, na katika majira ya baridi hutoa nyingine saa mbili asubuhi. Chini ya namba ya daraja huandikwa miteremko inayotazama upande gani na ya kimo gani ndiyo yenye hatari, na sehemu hiyo ndiyo ambayo vijana hawaisomi. Mpigie jioni ya Ijumaa, mwombe akusomee sehemu hiyo kwa sauti, kisha umuulize mteremko anaokusudia kwenda unatazama upande gani.