Mtoto anasumbuka na KDS? Kaa nae na hii namba, 720,720

Wazazi na walezi wenzangu, likizo ya mwezi wa sita mtoto wa dada angu alikuja kukaa kwangu hapa Nkuhungu, yuko la sita, na kitu kilichokua kinamliza ni KDS, kile kigawe kidogo cha shirika, yaani namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa namba zote ulizopewa bila baki. Nikafungua daftari lake nikajiona mwenyewe wa zamani, maana na mimi nilikariri lile jedwali la kugawanya bila kujua linafanya nini, nikipewa namba tatu nazidisha zote basi, na maksi nilipoteza nyingi sana.

Ushauri wangu, acha kumrundikia maswali. Mpe namba moja kubwa mkae nayo hata jioni tatu. Mi nilichagua 720,720, ndo namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa 1 mpaka 16 bila baki. Ukizidisha tu 1 hadi 16 zote unapata 20,922,789,888,000, yaani trilioni 20 na ushee, kumbe 720,720 ilikua inatosha kabisa.

Ila usimtajie jibu, aijenge mwenyewe. Tulikaa kibarazani na sinia la karanga, tukaanza 1, 2, 3, 4 tukapata 12, tukazipanga mafungu kweli kweli, 5 ikatupeleka 60, alafu tukafika kwa 6 akataka azidishe tena nikamwambia jaribu kwanza kugawa. Ikaingia. "Mjomba, mbona haijaongezeka?" Hapo ndo pa kukaa sana jamani, msikimbie. 6 ni 2 mara 3, na zote zimeshaingia humo ndani, haina jipya inaloleta. 7 ni namba tasa, inaleta jipya, tukaenda 420 na karanga tukaziacha tukashika kalamu. 8 inadai 2 moja zaidi, 840. 9 inadai 3 moja zaidi, 2,520. 10 haidai kitu. 11 ikatupeleka 27,720, 12 ikapita bure, 13 ikaruka mpaka 360,360, 14 na 15 kimya, 16 ikadai 2 ya mwisho tukawa tumefika. Ukiivunja ni 2×2×2×2×3×3×5×7×11×13, na vigawo vyake viko 240.

Jioni ya pili mwonyeshe jinsi inavyoandikwa, 720 imejirudia mara mbili, kwahiyo ni 720 mara 1,001, na 1,001 ni 7×11×13. Mwambie achague tarakimu tatu zozote aziandike mara mbili kwenye kalkuleta ya simu, tuseme 458458, agawe kwa 7, kwa 11, kwa 13, anarudi kwenye 458 yake. Huyu wangu aliifanya kwa kila mtu aliyeingia pale nyumbani, mpaka muuza ubuyu, na kila mara nilikua namuuliza kwa nini inatokea hivyo, sio aishie kushangaa tu.

Asubuhi yake akaniamsha na 17. Amegawa, imebaki 5, kwahiyo 17 ni jipya, akazidisha kwa mkono kwenye karatasi akapata 12,252,240. Nikamuuliza na 18 je? Hata kalamu hakushika, "hiyo si 2 mara 9 mjomba, inapita bure."