Barua kwa mwanangu: usisubiri damu ndo uanze kumwambia

Mwanangu, baba,

Asalaam aleykum. Sisi huku Tanga wazima, mzee ana mafua kidogo lakini anatembea mpaka barazani. Voisi yako nimeisikiliza, nikairudia. Unasema mjukuu wangu, miaka tisa na nusu, analalamika titi la kushoto linamuuma akigongwa shuleni, kuna kitu kigumu chini ya chuchu na upande wa kulia hakuna, wewe mawazo yote yakakimbilia kansa, mama yake yuko Muscat kazini, sasa unaniuliza umpeleke hospitali au umlete kwangu likizo nimkabidhi kwa somo, yule mama anayewafunda wari, afundwe.

Kwanza tulia. Hiyo si kansa, mtoto anaota maziwa. Ndo yanavyoanza, kidude kigumu mfano wa kifungo cha shati chini ya chuchu, kinauma ukikigusa, na mara nyingi huanza upande mmoja, mwingine unafata baada ya wiki au hata miezi. Wasichana wengi wanaanza kati ya miaka 8 na 13 kwahiyo mwanao hajawahi wala hajachelewa. Ingekuwa kabla ya miaka 8 ningekwambia nenda kwa daktari, au afike 13 kifua bado hakijaanza kabisa, au afike 15 hajavunja ungo, hapo ndo pa kwenda kuuliza. Na pakiwa pekundu, pana joto, ana homa, mpeleke hata kesho. Vinginevyo mnunulie singilendi za pamba zinazoshika kidogo au visidiria vile laini visivyo na waya, na asimbane mtu kwa kanga wala kumkanda eti yasitoke mapema, asikudanganye jirani.

Sasa la somo. Mimi mila yetu naipenda na mwanao atafundwa, hilo halina mjadala. Lakini fikiria mwenyewe, mwali tangu zamani anaingizwa ndani akishaona damu, yani mafundisho yanakuja jambo limeshatokea. Mtoto anakaa darasani, sketi imelowa, anadhani ameumia ndani, anajificha chooni mpaka kengele ya mwisho, halafu ndo anaambiwa. Mimi hilo silitaki kwa mjukuu wangu hata kidogo. Kutoka maziwa kuanza mpaka damu ya kwanza huwa ni kama miaka miwili, miwili na nusu hivi, wengine mapema zaidi, kwahiyo muda unao na uutumie. Na anayetakiwa kuanza kusema ni wewe uliye naye nyumbani. Najua utaona aibu, baba na binti kwetu hawaongei haya, ila aibu yako isimfanye yeye aone mwili wake ni kitu kibaya. Huhitaji hotuba. Mkiwa kwenye gari au unachambua mchele mwambie tu, mwanangu hicho kinachouma ni maziwa yanaota, kila mwanamke kayapitia, bibi kayapitia, mama kayapitia, likikusumbua lolote niambie mimi au mpigie mama. Basi. Kesho kutwa unaongeza jingine.

Mengine yatakuja hivi, ili usishtuke. Nywele kwapani na sehemu za siri, jasho linaanza kunuka kikubwa (sabuni, nguo safi, usimtanie mbele za watu), chunusi, atarefuka ghafla viatu vyote vimbane, hasira na machozi bila sababu. Halafu miezi kadhaa kabla ya damu ataanza kuona ute mweupe kwenye chupi, huo ni wa kawaida usipowasha wala kunuka vibaya, ukiuona kwenye nguo za kufua usimuulize kwa ukali, jua tu kwamba siku zinakaribia.

Pedi usimpe pakiti ukaondoka, pedi inafundishwa. Dada yako atapanda basi aje huko Dodoma mwisho wa mwezi, nimeshaongea nae, yeye shangazi ndo mahali pake. Atachukua chupi mpya, atamwonyesha karatasi inabanduliwa wapi, upande wa gundi unakaa chini kwenye nguo, mabawa yanakunjwa kwa nyuma, halafu atamwaga juu yake juisi ya rosela nusu kikombe kidogo cha kahawa, kidogo kidogo, mtoto aone inavyonywa haivuji. Mtoto akiona hivo woga unapungua sana maana damu yote ya siku zake, kuanzia siku mbili mpaka saba, kwa kawaida haizidi vikombe viwili vidogo vya kahawa, ila kwenye nguo inaonekana nyingi. Abadilishe kila baada ya masaa manne mpaka sita hata kama haijajaa. Akiwa analowesha pedi nzima kila saa hiyo si kawaida, hospitali. Mwaka wa kwanza na wa pili siku zitarukaruka, mwezi zije mwezi zisije, asitishwe.

Pedi bei haijatulia, 2018 serikali iliiondolea kodi ya VAT, 2019 ikairudisha kwa sababu dukani bei haikushuka, sisi wanunuzi ndo tukabaki palepale. Kwahiyo afundishwe na za kitambaa pia, zifuliwe kwa sabuni na zianikwe juani kabisa, sio kufichwa chini ya godoro zikiwa na unyevu. Kwenye begi la shule awe na kipochi, pedi mbili na chupi moja, na wewe nenda kaongee na mwalimu wa kike anayemwamini. Ukiwa hapo uliza pia chanjo ya HPV, 2024 walianza kutoa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 mpaka 14, bure, inakinga saratani ya mlango wa kizazi, usiache ipite.

Nyumbani kwako, bisha hodi kabla ya kuingia chumbani kwake. Kaka yake alale chumba kingine. Yule rafiki yako anayependa kusema "oo kawa mdada" akimtazama kifua, mkatize palepale mtoto akisikia, ajue baba yake yuko upande wake. Na mwambie wazi hakuna wa kumshika, awe mjomba awe ustadhi awe nani, na akishikwa akwambie na hatapigwa. Usimtishe kwa ile ya ukiguswa na mwanaume unapata mimba, mpe ukweli kidogo kidogo kwa umri wake. Ila wewe usiache kumkumbatia ghafla, ataona amekosa nini.

Habari za kuoga josho, swala na kulipa funga, hizo niachie mimi na mama yake. Mkeo mpigie leo kabla hajasikia kwa watu, amwite mtoto kwenye video waongee wawili, wewe toka nje.

Pesa ya singilendi nimekutumia kwenye simu. Chukua na zilizozidi saizi moja, anakua huyo.

Mama yako