Resi ya kazi ikigoma, anza kwenye breki

Wadogo zangu mnaoanza kushika malori ya kreni, ya kunyonya majitaka na yale yanayonyanyua mafundi kwenye nguzo za umeme, kuna tatizo litawafikia mapema. Dereva ameegesha, anabonyeza swichi ya kupandisha resi, yaani kasi ya injini kuzunguka, ili pampu ya haidroliki ipate nguvu, na injini inabaki sailensi vilevile, kwenye mzunguko wake wa chini. Mwenye lori atakwambia kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini, imekufa. Usimkubalie haraka.

Kwenye malori ya zamani ilikuwa kebo tu, kutoka dashibodi hadi pampu ya dizeli: ukivuta, resi inapanda. Kwenye injini za kompyuta, swichi inapeleka ombi, na kompyuta haikubali mpaka ijiridhishe kwamba lori haliwezi kuondoka. Handibreki iwe imevutwa, gia iwe nyutro au P, mwendo uwe sifuri, mguu usiwe kwenye breki wala kwenye pedeli ya mafuta. Sharti moja likikosekana, resi haipandi, na mara nyingi hata taa ya injini haiwaki, maana kwa kompyuta hakuna kilichoharibika. Kwa hiyo ukichomeka mashine ya kupimia usiishie kutafuta kodi za makosa, zile namba za hitilafu. Fungua ukurasa unaoonyesha hali ya swichi moja moja papo hapo, uone kompyuta inaamini nini kuhusu lori lililo mbele yako.

Mimi huanza na breki, kwa sababu ndiko ninakokuta majibu mara nyingi. Mwambie mwenzako asimame nyuma ya lori, nawe usikanyage chochote. Taa za breki zikiwa zinawaka, swichi ya pedeli imekaa vibaya au pedeli hairudi mpaka juu, na kompyuta inadhani dereva amekanyaga. Sasa kanyaga. Zisipowaka, hilo nalo ni tatizo: mfumo wa Ford wa aina hii, kwa mfano, unadai sakiti ya taa za breki iwe nzima ndipo ukubali kupandisha resi. Fyuzi ya shilingi chache inaweza kusimamisha kreni siku nzima.

Ukisharekebisha, zima swichi ya resi kisha uiwashe upya. Mifumo mingi ikikatishwa hairudi yenyewe hata masharti yote yakitimia, na fundi asiyejua hilo anaendelea kufungua vitu vilivyo vizima.

Kuna njia ya mkato mtaonyeshwa: kuunganisha waya ili kompyuta idhani handibreki imevutwa muda wote. Nawasihi msiifanye, hata mwenye gari akibembeleza. Sharti lile linamlinda aliyesimama kati ya lori na ukuta, na yule aliye juu kwenye kikapu. Badilisha swichi.

Masharti yote yakiwa sawa, fuata waya. Waliofunga kreni mara nyingi wamefunga erthi juu ya chesisi yenye rangi, na baada ya msimu wa mvua kutu inaingia. Pima volti kati ya erthi hiyo na nguzo hasi ya betri mfumo ukiwa unafanya kazi. Ukipata nusu volti au zaidi, kwangua rangi, kaza upya. Kama resi inapandishwa kwa kitasa cha kuzungusha, kwa kawaida kina waya tatu: mmoja una volti 5, mwingine erthi, wa kati unapanda taratibu unavyozungusha. Hapa napenda mita ya mshale kuliko ya namba, kwa sababu mshale unaonyesha pale inaporuka, wakati namba zinaweza kukupita.

Halafu sikilizeni vizuri maelezo ya dereva. Resi isiyopanda kabisa ni tofauti na resi inayopanda ikifika mizunguko 1,200 kwa dakika, kisha inazama kreni ikianza kunyanyua. Hiyo ya pili imeshakubaliwa na kompyuta; injini ndiyo inakosa nguvu ya kuishikilia. Weka mita pembeni, kagua filta ya dizeli, filta ya hewa, na mipira ya mafuta kama inavuta hewa.